Aliyejidhuru akarudi nyumbani: dhana potofu na ukweli

Katika vijiji vya Rungwe, mtu aliyejidhuru anaporudishwa kutoka hospitali, majirani hufika na mkungu wa ndizi na maziwa, wakaota moto pamoja naye; mwezi ukipita, hodi hazisikiki tena. Si kwamba wana roho mbaya. Wanaamini kuwa amepona, amejifunza, na hatarudia.

Hiyo ndiyo dhana inayoniumiza kuliko zote. Tafiti za nchi nyingi zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba kati ya watu 100 waliofika hospitali baada ya kujidhuru, wapatao 16 hurudia ndani ya mwaka mmoja, na mmoja au wawili hufa kwa kujiua katika muda huohuo. Baada ya miaka 5 idadi ya vifo hivyo hukaribia 4. Miezi ya kwanza ni ya hatari zaidi, lakini muda peke yake haufuti hatari. Mjini Helsinki, watu 100 walifuatiliwa kwa miaka 37. Kati yao 13 walijiua, wengi baada ya miaka 15 au zaidi. Takwimu hizohizo zinasema pia kwamba walio wengi hawafi kwa kujiua, hivyo ni kosa kumtazama mtu kama marehemu mtarajiwa.

Wapo wasemao kwamba mwenye jeraha dogo anatafuta huruma tu. Ukubwa wa jeraha haupimi ukubwa wa uchungu, wala hauonyeshi litakalofuata.

Wengine hudhani kinachotishia ni kujiua pekee. Nchini Uingereza, ufuatiliaji wa watu zaidi ya 30,000 wa Oxford, Manchester na Derby ulionyesha kwamba waliojidhuru hufa mapema hata kwa magonjwa ya kawaida. Kwa hiyo anayekwenda kumjulia hali amuulize pia kuhusu pombe, usingizi na shinikizo la damu.

Familia nyingi huficha, na sababu ipo: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Muuguzi huambiwa ni ajali, na mgonjwa huondoka bila kuzungumza na mtu.

Kumuuliza waziwazi kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo; mara nyingi humpa nafasi ya kusema. Shirika la Afya Duniani lilijaribu jambo jepesi katika nchi 5, zikiwemo India na Sri Lanka: mazungumzo ya saa moja, kisha kutembelewa au kupigiwa simu mara 9 ndani ya miezi 18. Waliofuatiliwa hivyo walijiua kwa uchache zaidi kuliko waliopata matibabu ya kawaida tu.

Mara 9 zinawezekana Tukuyu, Mbozi na Mufindi. Shangazi, mhudumu wa afya wa kijiji na jirani mmoja wagawane zamu, sumu za shambani zifungiwe kwa mtu mwingine, na mawazo yakirudi asindikizwe kituo cha afya siku hiyohiyo.