Mfumo umeganda, hifadhidata imetulia

Siku ya kwanza ya usajili katika chuo kimoja, saa tatu asubuhi, mfumo uliganda. Nilipoingia kwenye seva nilikuta prosesa haina kazi ya maana, na hifadhidata imetulia tuli. Huko nje foleni ya wanafunzi ilikuwa imefika kwenye ngazi. Tatizo lilikuwa katikati, kwenye seva ya programu.

Seva ya wavuti, mathalani Nginx, ni hodari wa kutoa kurasa na picha zilizo tayari. Lakini mwanafunzi huyu amelipa ada? Somo hili bado lina nafasi? Programu inayojibu maswali hayo huishi ndani ya seva ya programu: Tomcat, WildFly, WebLogic na wenzao. Seva hiyo ndiyo inayoiwasha, inayoipokelea maombi, inayokumbuka nani ameingia.

Na ndiyo inayogawa miunganisho, yaani njia za programu kuzungumza na hifadhidata. Tomcat, usipogusa mipangilio yake, huwa na thredi 200 (nyuzi za kazi, kila moja ikishughulikia ombi moja) za kuhudumia maombi kwa wakati mmoja, ilhali hifadhidata ya PostgreSQL kwa kawaida hukubali miunganisho 100 tu. Tena kufungua muunganisho mpya kwa kila ombi ni gharama. Kwa hiyo michache hufunguliwa mapema, ikawa inaazimwa na kurudishwa. Sisi tulikuwa na 10, na inatosha kuliko watu wanavyodhani, maana ombi huushika muunganisho kwa milisekunde chache tu.

Mradi urudishwe. Nilitumia amri ya jstack kuona kila thredi inafanya nini; karibu zote zilikuwa zimekwama mahali pamoja, zikisubiri muunganisho. Nikaufuata msimbo. Mwanafunzi akichagua somo lililojaa, hitilafu ilitokea na programu ikauruka mstari wa kufunga muunganisho. Wanafunzi kumi wa namna hiyo walitosha kusimamisha chuo kizima.

Mwenzangu alishauri tuongeze miunganisho ifike 100. Nilikataa, kwa sababu hapo tungekuwa tunamsubiri mwanafunzi wa mia. Kuwasha seva upya kulitupa nafuu ya robo saa tu. Tulichofanya ni kuandika upya sehemu ile kwa try-with-resources ya lugha ya Java (toleo la 7 na kuendelea), ambayo hufunga muunganisho yenyewe hata hitilafu ikitokea. Alasiri nilikaa kuitazama grafu: miunganisho iliyoazimwa ilipanda hadi 6, ikashuka hadi sifuri, ikapanda tena.