Kengele za mkono Lubumbashi: kwa nini ratiba ya matembezi huanzia mikononi

Kila tunapowaleta vijana wetu wa kengele za mkono mjini Lubumbashi, hakosekani mzazi wa kuniuliza: "Mwalimu, watoto wamefika mjini, mbona hamwaachi watembee hata nusu siku?" Jibu limo katika chombo chenyewe. Katika kwaya ya kuimba, mmoja akikosekana, jirani yake hulifunika pengo lake. Lakini katika kwaya ya kengele kila mpigaji hushika noti zake mbili, moja kila mkono, pamoja na nusu toni zake, na hakuna mwingine aliye nazo. Seti yetu ya oktava 3 ina kengele 37, na wapigaji ni 11. Anayebaki nyuma sokoni akipatana bei ya malakiti, jiwe la kijani la mapambo, ameondoka na noti za sol na la za wimbo mzima.

Asubuhi tulianzia makumbusho ya taifa, mbele ya misalaba midogo ya mukuba, yaani shaba, ambayo watu wa Katanga waliitumia zamani kama fedha. Nilikuwa nimebeba kengele moja, nikawaeleza kwamba bronzi yake ni takriban sehemu 80 za mukuba na 20 za bati, na kwamba madini hayo mawili yamechimbwa katika Katanga ya zamani, mukuba huku kusini na bati kule Manono. Kengele zenyewe ziliyeyushwa ng'ambo, kwa mtindo uliotoka Uingereza. Msichana wetu wa kengele nzito akasema, "Kumbe mukuba wetu unaenda ng'ambo kujifunza kuimba." Nilicheka, ingawa sikupata la kumjibu.

Bomba la moshi la kiwanda cha mukuba na kilima cheusi cha mabaki yake kilicho kando tulivitazama tukiwa ndani ya basi. Sikuruhusu mtu abebe mfuko mzito, na hapo ndipo wazazi wengi hunilaumu. Ulimi wa kengele hizi huenda mbele na nyuma tu, nao huzuiwa na springi ndogo, kwa hiyo haulii mpaka kiganja kiutupe kwa mshtuo mfupi. Kisha kengele hutuliwa begani ili inyamaze kwa wakati wake. Kiganja kilichochoka huchelewesha noti kidogo sana, na kidogo hicho husikika hadi kiti cha mwisho.

Mchana tulikula bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo), kwa mikono kama inavyopasa, kisha sabuni ikapita meza nzima. Jasho na mafuta hufifisha bronzi. Ndiyo sababu ya glavu tunazovaa tukipiga, wala si urembo.

Saa kumi jioni, parokiani, kijana mwenye noti za sol na la hakuwepo. Tulianza. Jirani yake, ambaye tangu zamani nimemzoeza kushika kengele mbili kwa mkono mmoja, akazitwaa zile mbili pamoja na zake, moja ikilia kwa mshtuo wa mbele na ya pili kwa mshtuo wa pembeni, akavuka wimbo wa kwanza bila pengo, isipokuwa noti moja ya la iliyosahaulika kutuliwa. Kijana yule aliingia wimbo wa pili ukikaribia, mfukoni ana kisahani cha malakiti. Nilimwonyesha ndoo ya maji kwanza, glavu baadaye.