Mbwa mwenye vidonda visivyosikia dawa: ya mtaani na ya kweli

Bobi alianza kunyonyoka manyoya tumboni. Ukimlaza chali unaona viduara kama sarafu, ukingoni magamba yanabanduka, katikati ngozi imeanza kuwa nyeusi. Jirani akasema ni mapunye. Muuzaji wa duka la dawa akasema aleji. Mimi nikasema atapona tu. Wote watatu tulikosea, na kwa miezi minne mbwa akameza kapsuli za kila rangi. Majibu ya maabara yalipotoka yalikuja na jina refu la bakteria: Staphylococcus pseudintermedius, wa aina sugu kwa methisilini, dawa ya ukoo wa penisilini. Njiani nilikuwa nimeshauriwa mengi.

"Mwili wa mbwa umeizoea dawa."

Karibu kila mtu aliniambia hivi. Kilichozoea dawa si mwili, ni bakteria. Na bakteria huyu si mgeni: anaishi puani, mdomoni na kwenye ngozi ya mbwa wengi wazima kabisa. Ila miongoni mwao wapo wachache wenye jeni iitwayo mecA, inayowapa protini ambayo penisilini na ukoo wake wote hauwezi kuishika. Ukimpa mbwa dawa hizo, wanyonge wanakufa, wale wachache wanabaki na uwanja mzima. Ndiyo maana kutoka amoksilini kwenda sefaleksini, zote za ukoo huohuo, kwa bakteria wa namna hii, ni sawa na kuiita kanga leso ukadhani umebadilisha nguo. Tena amoksilini tupu haina maana hata kwa wengi wa jamii hii wasio na mecA, kwa sababu wana kimeng'enya cha kuivunja.

"Basi achomwe sindano, ina nguvu kuliko kidonge."

Sindano inafikisha dawa mwilini kwa njia nyingine, basi. Kama dawa haimuui bakteria huyo, haimuui hata ukiipitisha wapi. Kinachotakiwa ni kujua ipi inamuua. Daktari wa mifugo alibandika kipande cha kioo juu ya kidonda kibichi, akakitia rangi, akaniita kwenye darubini nione vidoa vya duara vimejikusanya kama kichala cha zabibu. Kisha akapitisha kijiti cha pamba palepale na kukipeleka maabara. Huko wanaotesha bakteria kwenye sahani, wanapanga juu yake vijikaratasi vyenye dawa mbalimbali. Pale ambapo karatasi imezungukwa na duara safi, dawa inafanya kazi. Bakteria akiota mpaka ukingoni mwa karatasi, weka hela yako mfukoni.

Watu pia wanachanganya usugu na ukali. Bakteria sugu hali nyama kuliko mwenzake wa kawaida. Tofauti ni kwamba dawa za kumtibu zimepungua.

"Shampuu ni ya urembo, tiba ni kidonge."

Hapa ndipo nilipokosea zaidi. Maambukizi yakiwa ya juujuu ya ngozi, kuogesha kwa shampuu yenye klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu vya ngozini) ya asilimia 2 hadi 4 kunaweza kutosha bila kidonge hata kimoja, na yule aliyekuwa sugu kwa vidonge kwa kawaida hufa kwa klorheksidini. Lakini lazima povu likae dakika 10. Mimi nilikuwa nampaka, namwaga maji, namwachia ajikung'ute, dakika mbili zimeisha, halafu nalalamika shampuu ni feki. Siku hizi naweka saa ya simu juu ya ndoo. Naanza na sehemu zenye vidonda, nasugua taratibu hadi kwenye ngozi, halafu tunakaa tunatazamana. Dakika ya sita ndiyo ngumu, anaanza kulialia. Nasuuza vizuri, namkausha. Mara tatu kwa wiki, na baada ya wiki mbili daktari anamwangalia tena. Vidonda vya ndani vinavyotoa usaha na damu ni habari nyingine. Hivyo vinataka dawa ya kunywa iliyochaguliwa kwa majibu ya maabara, na muda mrefu zaidi.

Usifidie shampuu kwa dawa ya kusafishia choo. Na oili chafu ya gari, ambayo bado watu wanaisifia, mbwa anailamba na kuimeza.

"Vidonda vimekauka, tumemaliza."

Ngozi yenye afya haimfungulii bakteria mlango bila sababu. Kuna viroboto, utitiri, aleji, wakati mwingine tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa. Kwa Bobi walikuwa viroboto, na mimi nilikuwa nasugua tumbo huku gunia analolalia limejaa mayai yao. Ile sindano ya kukata muwasho aliyochomwa mwanzoni ilimtuliza wiki moja. Ndani yake kulikuwa na steroidi, ambayo hupunguza wekundu huku ikilegeza kinga.

"Atatuambukiza wote, mtoe hapo nyumbani."

Bakteria huyu anapenda mbwa. Kumuuguza binadamu hutokea kwa nadra. Kwa mtu mzima wa afya, kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika, kuvaa glovu ukigusa vidonda na kutomruhusu akulambe uso kunatosha. Matandiko yake yafuliwe peke yake kwa maji ya moto. Ukienda kliniki, piga simu kwanza, asikae foleni na mbwa wengine. Anaweza pia kuendelea kumbeba bakteria huyo kwa miezi baada ya kupona, kwa hiyo daktari wa baadaye naye aambiwe.

Anayehitaji tahadhari ya kweli ni mwenye kidonda, aliyetoka kufanyiwa upasuaji, au mwenye kinga dhaifu. Mama yangu ana kisukari na kidonda mguuni. Hivyo kuogesha kulibaki kwangu peke yangu, na wiki zote zile mama alimsalimia Bobi kupitia dirisha la jikoni, naye anapiga mkia kwenye ndoo.