Je, wajua kwa nini gemu hutufanya tuamini kila kauboi alikuwa mpiga bastola?

Gemu ina jambo ambalo sinema haina: mkono wako ndio unaofyatua. Ukishafanya kitu mara mia kwa kidole chako, ni vigumu kuambiwa kwamba hakikuwa cha kawaida.

Mwaka 1971, vijana watatu waliokuwa wakisomea ualimu Minnesota walitengeneza The Oregon Trail, gemu ya somo la historia kuhusu familia zilizohamia magharibi mwa Marekani kwa magari ya maksai katika karne ya 19. Skrini haikuwepo, maneno yalichapwa kwenye karatasi. Ukitaka nyama, unaandika BANG, na kadiri vidole vilivyo vyepesi ndivyo unavyopata windo. Toleo la 1985 likaleta picha: unaangusha nyati watano, kisha unaambiwa unaweza kubeba kilo 45 tu!

Watoto wa Marekani waliokulia kwenye gemu hiyo hukumbuka mawili: uwindaji, na kufa kwa kuhara damu. Njiani kwenyewe muuaji mkubwa alikuwa kipindupindu. Wengine walizama mitoni, wengine walijipiga risasi zao wenyewe kwa bahati mbaya. Na mashambulizi ya wenyeji asilia wa Marekani? Mwanahistoria John Unruh alihesabu wahamiaji 362 waliouawa na wenyeji kati ya 1840 na 1860, na wenyeji 426 waliouawa na wahamiaji. Mara nyingi wenyeji hao ndio waliowavusha mito na kuwauzia chakula.

Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018, gemu ya wahalifu wenye bastola wa magharibi mwa Marekani, ni kazi nzuri mno, na hapo ndipo penye hatari. Unabonyeza kitufe, muda unapungua mwendo, unachagua pa kulenga. Lakini pambano halisi na maarufu la bastola katika mji wa Tombstone, Arizona, mwaka 1881, lilichukua kama nusu dakika na kuua watu watatu. Chanzo kimojawapo kilikuwa sheria ya mji iliyokataza kutembea na silaha. Maofisa wa usalama walikwenda kuwanyang'anya makauboi bunduki. Nani angenunua gemu ya kukabidhi bastola mlangoni?

Wapo waliojaribu njia nyingine. When Rivers Were Trails, ya 2019, iliandikwa na wenyeji asilia wenyewe: unacheza kama Mwanishinaabe, yaani mtu wa jamii mojawapo ya wenyeji hao, aliyeondolewa kwenye ardhi yake Minnesota miaka ya 1890, ukisafiri hadi California na kutafuta chakula na dawa njiani.