Si kwamba homoni zimemzidi

Muuza mitumba wa Kibuye, hapa Kisumu, anaweza kuamka siku 10 kabla ya hedhi akiwa mtu mwingine kabisa: analia huku akikunja masweta, anamfokea mteja aliyeuliza bei tu, anawaza heri asingalizaliwa. Wenzake wa vibanda vya jirani husema, "Mwacheni, homoni zimemzidi." Hapo ndipo tunapokosea: huenda ana PMDD, ugonjwa wa hisia unaomjia mwanamke kabla ya hedhi.

Akipimwa damu, kwa kawaida homoni zake ziko sawa na za wenzake. Tofauti iko kwenye ubongo. Yai likishatoka, homoni ya projesteroni hupanda, na sehemu yake hugeuka kuwa alopregnanoloni, kemikali ambayo kwa wanawake wengi hutuliza neva. Kwa wachache ubongo huipokea vibaya, na badala ya utulivu huja wasiwasi, hasira na huzuni nzito. Hedhi ikianza, ndani ya siku chache hali hutulia.

PMDD ni ugonjwa halisi. Mwaka 2013 uliorodheshwa rasmi katika mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani. Una tiba pia, zikiwemo dawa za sonona ambazo wengine huzimeza zile wiki 2 za kabla ya hedhi tu. Kumwambia mtu huyu "vumilia, ni mambo ya wanawake" ni kumnyima tiba iliyopo.

Aandike hali yake kila siku kwa mizunguko 2, kisha ampelekee daktari daftari hilo. Lakini mawazo ya kujiua hayangoji daftari: aende hospitali siku hiyo hiyo, na asiende peke yake.