Ndoo mbili jikoni, kisha tuzungumze miti

Kanisani, mazingira yakitajwa tu, watu wanawaza miti. Siku inapangwa, miche inaletwa, picha zinapigwa, halafu kiangazi cha Januari kinaimaliza kwa sababu hakuna aliyepewa zamu ya kumwagilia. Sina ugomvi na miti. Ila kazi yangu ni taka, na akina mama wa ibada ya Kiswahili hapa Makindye wakiniuliza waanzie wapi, nawajibu: jikoni, kwa ndoo mbili. Moja ya maganda, nyingine ya vitu vingine vyote.

Sehemu kubwa ya taka za majumbani Kampala ni maganda ya matoke, mihogo na viazi, pamoja na majani ya mgomba tuliyofunikia chakula. Yakikaa peke yake ni mali: wafugaji wa ng'ombe huko Wakiso huyanunua kwa gunia, na mbuzi wa jirani anayala bila kubembelezwa. Yakichanganywa na kavera (mifuko ya plastiki), nepi na vigae vya chupa, hakuna mnyama wa kuyala. Chupa za plastiki nazo zikishalowa uchafu huo, mnunuzi anazipita.

Mchanganyiko huo unaishia jalalani. Katikati ya rundo hewa haifiki, kwa hiyo maganda yanaoza bila oksijeni na kutoa methani, gesi inayonasa joto la dunia kuliko kaboni dioksidi na inayoshika moto kirahisi. Maji yake nayo yanalilainisha rundo lenyewe. Jalala la Kiteezi lilianza kupokea taka za Kampala mwaka 1996. Tarehe 10 Agosti 2024, wakati wa mvua kubwa, mlima ule uliporomokea nyumba za watu na kuua zaidi ya watu 30. Taka zile zilitoka majikoni mwetu, walokole na wasio walokole.

Kwenye semina za mazingira husomwa Mwanzo 2:15, kuilima na kuitunza bustani. Mimi hupenda Yohana 6:12. Watu wameshashiba, na Yesu anawaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, kisipotee kitu. Aliyeweza kuzidisha mikate palepale hakuona taabu kuhesabiwa makombo.

Mwenye kauwanja hahitaji mfugaji. Weka tabaka la maganda yaliyokatwakatwa, funika kwa majani makavu au nyasi kavu, yawe mengi kuliko maganda, kisha nyunyiza udongo. Maganda yanaleta naitrojeni, majani makavu yanaleta kaboni na kuacha nafasi ya hewa. Rundo likinuka, limelowa mno au limebanana: ongeza majani makavu, ligeuze. Chukua konzi moja uikamue. Yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha. Geuza kila wiki, na baada ya miezi mitatu hivi utapata mbolea nyeusi ya kupandia sukuma kwenye gunia. Nyama, mifupa na mabaki yenye mafuta usitie, utafuga panya.

Kuchoma kavera nyuma ya nyumba jioni, tuache. Moshi wa plastiki una sumu, watoto wanauvuta, na masizi yanatua kwenye hiyo hiyo sukuma. Kuitupa mtaroni si nafuu: mvua inaipeleka mfereji wa Nakivubo, Nakivubo inaingia Ziwa Victoria kwenye ghuba ya Murchison, na sehemu kubwa ya maji yetu ya bomba inavutwa Ggaba, kwenye ghuba hiyo hiyo.

Kuhusu kuokoa makaa, dogo tu: loweka maharage usiku, mwaga maji yale, yachemshe kwa nguvu dakika 10 au zaidi, kisha zamisha sufuria iliyofunikwa kwenye kapu lenye matambara mazito. Yanaendelea kuiva bila moto. Hizo dakika za kuchemka usizipunguze, maana maharage mekundu yasiyochemka vizuri yanaumiza tumbo. Yakitoka kwenye kapu bado magumu, yarudishe jikoni kidogo.

Najua wengi tunaishi vyumba vya kupanga, mstari mmoja, uwanja hakuna. Hapo ndoo ya maganda iwe moja kwa mstari mzima, yenye mfuniko, na imwagwe kila siku kabla inzi hawajataga na kutotoa. Zamu ya kuipeleka kwa mfugaji ibandikwe mlangoni, na majina ya akina baba yawemo.