Picha ya msiba haichorwi matangani

Wateja wengi wa wachoraji hapa Moshi huamini picha ya marehemu ichorwe matanga yakiwa mabichi, eti uchungu ukipoa, sanaa nayo imepoa. Si hivyo. Mchoraji Edvard Munch wa Norwei alifiwa na dada yake Sophie kwa kifua kikuu mwaka 1877. Picha ya mtoto mgonjwa aliianza 1885, akawa anapaka, anakwangua, anapaka tena. Hadi miaka ya 1920 alikuwa ameichora kwa rangi mara sita.

Ufundi nao hautaki pupa. Rangi ya mafuta hutaka tabaka la chini liwe jembamba, lenye tapentaini ya kuyeyushia rangi, na la juu liwe na mafuta zaidi. Mwenye haraka hugeuza: juu hukauka kwanza, chini bado kunacheza, picha inapasuka, mara nyingi usoni, maana ndiko alikorekebisharekebisha. Subiri siku kadhaa, zaidi wakati wa masika, gusa kwa kidole ndipo uendelee. Tena, ukimchora marehemu akiwa bado mgonjwa kitandani, anza na dripu, mto, mikono juu ya shuka. Uso ukitangulia utaubembeleza mno, na mgonjwa atatoka kama wa picha ya paspoti.